Mashati Yasiyo na Kikwapa

Ndoto ya usiku wa jana ilianza kwa sauti. Kri, kri, kri. Gurudumu la cherehani yangu lilikuwa linazunguka gizani, pale pembeni mwa kitanda, na hapakuwa na mguu wa mtu kwenye pedali.

Nikaamka, bado nikiwa ndani ya ndoto, nikaondoa kitambaa ninachoifunikia. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka bila uzi.

"Umelala sana, Mama Lusungu," cherehani ikasema. "Kuna mteja mlangoni."

"Saa hizi?"

"Kwake ni mchana. Kwake ni mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tisa."

Sikuona sababu ya kubishana. Mteja ni mteja. Nikajifunga kitenge, nikatundika futi yangu shingoni, nikafungua mlango.

Nje hapakuwa Njombe. Palikuwa na uwanja mpana wa mawe, kanisa kubwa, njiwa, na jua la saa tano. Nilipatambua mara moja kuwa ni Italia. Mwalimu Mwalongo, anayetufundisha Historia kwenye darasa la jioni, alikuwa ameichora ubaoni wiki ileile, na uwanja mzima ulikuwa na vumbi la chaki.

Kwenye benchi langu la wateja walikaa watu sita wakinywa kahawa. Nikawauliza ni akina nani.

"Sisi ni Sababu," akajibu wa kwanza, aliyevaa koti la jeshi lililoisha rangi. "Mimi ni askari aliyerudi vitani akakuta kazi hakuna. Huyu hapa ni bei ya mkate. Yule mnene mwenye saa ya mfukoni ni woga wa wenye mashamba na viwanda. Wengine unao kwenye daftari lako."

"Kwa hiyo ninyi ndio mlioleta ufashisti."

Wakatazamana. "Mimi peke yangu sitoshi," wakasema wote sita kwa pamoja. "Mtahini anataka sita."

Nilikuwa nataka kuuliza zaidi, lakini ukaja mzigo wa fimbo, ule ambao mafashisti waliufanya alama yao. Ulikuwa unatembea wenyewe, umefungwa mikanda myekundu, na katikati yake limechomoza shoka. Ulipiga hodi kistaarabu, kwa fimbo ya pembeni.

"Karibu," nikasema. "Habari za utokako?"

"Njema, fundi. Nataka shati." Fimbo zote zilisema kwa pamoja, ila moja ya katikati ilichelewa, ikamalizia "shati" peke yake, kisha ikanyamaza kwa aibu.

"Kwetu wewe ni kuni," nikasema. Sikusema kwa ubaya.

"Fimbo moja huvunjika," ukasema Mzigo. "Nyingi hazivunjiki."

"Hilo tunalijua hata sisi. Na shoka ni la nini?"

"La fimbo isiyotaka kukaa mzigoni."

Nikaandika kwenye daftari la vipimo: shati moja, jeusi. Mzigo ukanieleza kwamba mashati mengine yote yalikwisha kushonwa na mafundi wengine, limebaki moja tu, la mtu mrefu wa safu ya mwisho, na hilo ndilo langu. Ukanipa karatasi ya kukatia. Ilikuwa karatasi moja kwa watu wote, wanene na wembamba.

Nikaitandaza mezani. Nikatazama kola, nikatazama kifua, nikafika kwapani, na hapo nikasimama.

Fundi aliyenifundisha kazi, Bi Somoe wa Kilwa, alinifundisha kikwapa kabla ya kola. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha pembe nne kinachoshonwa chini ya kwapa, kati ya mkono wa nguo na ubavu wake. Ukikitia, mtu anainua mkono na kuushusha anavyotaka, na nguo inatulia. Kwenye karatasi ile hakikuwepo. Na mkono wa shati ulichorwa ukielekea juu, juu na mbele, kama mtu anayezuia lori.

"Kikwapa kiko wapi?" nikauliza.

"Hakuna kikwapa."

"Mkono ukishapanda utashukaje?"

"Haushuki."

"Mtu atakulaje?"

"Atalishwa."

"Akiwashwa mgongoni?"

"Hatawashwa."

"Akitaka kumbeba mtoto je?"

"Watoto nao wana mashati yao," ukasema. "La wa kwako lilishonwa asubuhi."

Nikageuka kutazama uwanjani. Ulikuwa umejaa. Safu kwa safu za watu wenye mashati meusi, mkono wa kulia juu. Safu ya mbele ilikuwa ya watoto, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa Lusungu wangu, miaka minne na nusu, kandambili miguuni, shati jeusi, mkono juu.

Nikamwendea. Hakuwa analia. Alikuwa na ile sura anayokuwa nayo akichomwa sindano kliniki, ya mtu anayesubiri iishe.

"Mama," akasema, "siwezi kujifuta kamasi."

Nikamfuta kwa pindo la kitenge. Nikaushika mkono wake, nikauvuta chini taratibu. Haukuja. Nikauvuta tena. Ulikuwa mgumu kama tawi.

"Samahani, mama, umesimama kwenye picha," ikasema sauti nyuma yangu. Ilikuwa kamera ya zamani, inatembea kwa miguu yake mitatu, imejifunika kitambaa cheusi kichwani kama mtu anayejifukiza.

"Picha ya nini?"

"Ya kitabu cha Historia. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Nikishapiga, aliyemo yumo. Hatoki tena. Wewe mwenyewe utakuwa unamwona darasani kila mkifungua kitabu, nyeusi na nyeupe, mkono juu. Ni picha nzuri, mwanga unatosha."

"Unapiga lini?"

"Shati la mwisho likifungwa kifungo cha mwisho."

Hapo nikashusha pumzi. Shati la mwisho nilikuwa nalo mimi. Na mtu anayemtegemea fundi cherehani amalize kwa wakati hajawahi kushonesha nguo ya sikukuu.

Nikarudi kwa Mzigo, nikatabasamu kama tunavyotabasamu. "Nimebakiza vifungo tu," nikasema. "Njoo kesho."

Nilikuwa sijagusa hata mkasi.

Mzigo ukaamini. Ukanishukuru, ukaondoka. Watu wale walikuwa wamekwisha kudanganywa na kila aina ya mtu, lakini fundi wa Njombe walikuwa hawajakutana naye.

Kesho ikafika baada ya dakika tano. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na mbili. Mzigo ukaja na harufu ya moshi.

"Tumeandamana hadi Roma," ukasema. "Nchi ni yetu."

"Kwa miguu?"

"Wengine kwa treni. Shati liko wapi?"

"Kola ilinisumbua kidogo. Njoo kesho."

Ukaondoka. Nikachukua mkasi mdogo, nikapiga magoti mbele ya Lusungu, nikaanza kufumua mshono wa bega. Uzi ulikatika vizuri. Lakini kila nilipokata, mshono ulijishona upya nyuma ya mkasi, tena kwa kasi kuliko cherehani yangu.

"Usinifumue, mama," likasema shati. Lilikuwa na sauti ya mtoto wa shule anayesoma shairi alilokaririshwa. "Mimi ni mali ya wote."

"Aliyemo ndani ni wangu."

"Hilo halimo kwenye karatasi."

Nikajaribu njia nyingine. Nikachana kipande cha kitenge changu, chenye maua ya njano, nikakiweka kwapani mwake nione kama kitafaa kuwa kikwapa. Maua yakafifia moja moja. Kipande kikawa cheusi, kikakauka, kikawa shati.

Kesho nyingine ikafika nikiwa bado nimepiga magoti. Nikainua macho, na kanisa halikuwepo. Palikuwa na majengo marefu ya kijivu, maandishi ya Kijerumani, na mashati yote uwanjani yalikuwa yanageuka kahawia, kuanzia safu ya nyuma kuja mbele, kama chai inavyosambaa kwenye maji moto. Mwaka elfu moja mia tisa na thelathini na tatu. Shati la Lusungu nalo likageuka.

"Shati langu," ukasema Mzigo. Mara hii ulikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye fimbo ya kushoto.

"Umeme ulikatika."

"Cherehani yako ni ya miguu."

"Taa je? Nitaonaje tundu la sindano? Njoo kesho."

Mzigo ukakubali kwamba taa ni muhimu.

Baada ya hapo kesho zilipita kwa fujo. Mzigo ulirudi una vumbi la Uhabeshi miguuni na harufu ya kitu kilichoungua, nao haukutaka kuulizwa. Ulirudi kutoka Hispania na mashati ya bluu. Ulirudi kutoka Rumania na Hungaria na ya kijani. Rangi zote zilipita juu ya mgongo wa mwanangu, na mkono haukushuka kwa rangi yoyote. Nami kila mara nilikuwa na sababu mpya: vifungo havilingani, pasi haina mkaa, nina msiba. Nilikuwa nasema vizuri sana. Nilianza hata kujipenda.

"Unaona unachofanya?" cherehani ikaniuliza.

"Najipa nafasi."

"Nafasi unajipa wewe. Wao unawapa miaka. Hesabu safu."

Nikatazama. Asubuhi, au mwaka ule wa kwanza, safu zilikuwa zinaishia kwenye ngazi za kanisa. Sasa zilipita majengo, zikapita mto, zikapanda kilima na kushuka upande wa pili.

"Basi niambie la kufanya," nikasema. "Kufumua nimefumua."

"Kufumua peke yake hakusaidii. Ongeza. Mtie kikwapa."

"Kila kitambaa ninachoweka kinageuka shati."

"Tafuta ambacho hakimo kwenye karatasi yao."

Nikapapasa shingoni nichukue futi yangu, nipime kikwapa cha Lusungu kitakuwa vidole vingapi. Haikuwepo. Nikaiona ng'ambo ya uwanja, mezani kwa makarani wawili waliovaa miwani. Walikuwa wanaitumia.

Nikaenda. Makarani hawakuinua vichwa. Mbele yao kulikuwa na foleni ya watu wenye makoti na masanduku, na futi yangu ilikuwa inazungushwa kwenye vichwa vyao, inawekwa kwenye pua zao, inasomwa kwa sauti.

"Unafanya nini huku?" nikaiuliza kwa sauti ya chini.

"Nilizoea viuno na mabega," futi ikasema. Haikunitazama. "Sasa napima nani ni mtu. Namba ni zilezile, Mama Lusungu. Sijui imekuwaje."

Nikaivuta kutoka mkononi mwa karani, nikaitundika shingoni kwangu. "Hii ni ya kushonea," nikamwambia. Akatafuta kwenye kitabu chake kifungu kinachohusu mafundi wanaochukua vitu vyao, akakosa, akabaki anafungua kurasa.

Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akacheka kidogo. Alikuwa mtu mzima kunipita, amevaa koti la kijivu, na kwenye kidole cha kati alikuwa na tondoo ya chuma, ile ya kukinga sindano. Nikajua ni fundi mwenzangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Regina."

"Kiswahili umejifunzia wapi?"

"Ndoto ni yako. Mimi najibu tu." Akaangalia kule kwa watoto. "Yule wa tatu ni wako? Wa kandambili?"

"Ndiye."

"Shati halina kikwapa."

"Hawataki."

"Najua. Waliniletea karatasi ile na mimi. Nikawaambia, mabwana, hii nguo ni ya sanamu. Wakanipima, wakasema kipimo changu hakipo." Alisema hivyo kama mtu anayesema duka limefungwa. "Unashonea nini?"

"Sina kitu. Kila kitambaa kinawatii."

Sasa Bi Regina anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake. Anageuza mfuko nje. Ni bitana ya kijivu, laini, imechakaa kwenye pindo. Ananiomba mkasi. Anakata mfuko wote kwa mkato mmoja, bila kuchora, bila kupima, na kipande kinachotoka kina pembe nne sawasawa.

"Chukua hiki," anasema. "Mimi simo kwenye karatasi yao, kwa hiyo na koti langu halimo. Hakitageuka."

"Na mfuko wako?"

"Wamekwisha kuchukua vilivyokuwemo." Ananirudishia mkasi, mpini mbele, kama fundi anavyompa fundi. "Pembeni urudie mara mbili. Watoto wanavuta."

Karani mmoja anasoma namba. Si jina, namba. Bi Regina anaokota sanduku lake. Kuna mlango nyuma ya meza ambao sikuwa nimeuona, na nyuma ya mlango kuna reli.

"Bi Regina," namwambia, "waambie uko na mimi. Sema wewe ni fundi wangu."

"Waambie wewe," anasema.

Nikamwambia karani. Nilisema kwamba huyu ni fundi wangu, na kazi yangu haiwezi kwisha bila yeye. Karani akaniuliza kifungu. Sikuwa na kifungu. Nilikuwa na "njoo kesho" tu, nikamwambia aje kesho, na yeye akasema kwamba kwa watu wa foleni hii kesho imefutwa.

Bi Regina akaingia. Mlango ukafungwa bila kelele, ukafunguka tena. Ile foleni yote ikamfuata, mmoja mmoja, na masanduku yao, na ilichukua muda mrefu sana kwisha. Sikumwona tena, si katika ndoto ile wala baadaye.

Nilirudi kwa Lusungu na kipande mkononi. Kabla sijatia uzi nikasikia kishindo kama cha mzigo wa nguo mbichi ukidondoka. Nikageuka. Mashati ya watu wazima yalikuwa yamevuliwa, yote, safu zote, yamelala chini lundo lundo, na waliokuwa wameyavaa wanatembea haraka kuelekea nyumbani wakiwa na fulana. Mwaka elfu moja mia tisa na arobaini na tano.

Nikapita katikati ya malundo.

"Si mimi," likasema shati moja nililolikanyaga. "Mimi nilikuwa kitambaa cha meza."

"Mimi nilikuwa pazia," likasema la pili.

"Sisi tulikuwa tunafuata karatasi tu," yakasema mengine.

Mzigo haukuonekana. Shoka halikuonekana. Kengele zililia, watu wakapeana sigara, mtu akanipa kipande cha chokoleti. Nami, kwa kweli, nikafikiri mambo yamekwisha. Nikakichomeka kile kipande cha Bi Regina kwenye kifundo cha kitenge, nikaenda kumshika mwanangu mkono tuondoke.

Mkono wake ulikuwa bado juu.

Safu ya watoto ilikuwepo vilevile, mashati vilevile. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia.

"Mama, tunaenda?" akaniuliza.

"Tunaenda."

"Mkono umechoka."

Nikaketi chini mbele yake, juu ya mawe, nikafungua kifundo, nikatia uzi kwenye sindano. Hapo ndipo nikasikia mtu anapiga hodi kistaarabu.

"Hodi, fundi. Ulituambia tuje kesho. Leo ndiyo kesho."

Ulikuwa Mzigo. Ulikuwa umevaa suti. Suti nzuri ya bluu iliyoiva, tai, ua dogo kifuani, na mkobo wa ngozi. Majengo yaliyokuwa yamebomoka yalikuwa yamejengwa upya kwa vioo, na magari yalipita kimya. Kamera nayo ilikuwa imepungua, imekuwa simu, ila miguu yake ilikuwa ileile mitatu.

"Umebadilika," nikasema.

"Sisi si mashati tena," ukasema Mzigo. Hata sauti ilikuwa moja sasa, na ile fimbo ya katikati haikusikika kabisa. "Mashati hatuyapendi. Sisi ni watu wa kura, wa televisheni. Tunachotaka ni kidogo tu, kwamba mlango uwe na komeo, na aliyeko nje abaki nje."

"Shoka liko wapi?"

"Shoka lipi?"

Mkobo ukakohoa.

Nikawatazama wale Sababu sita. Walikuwa bado kwenye benchi langu, vikombe mkononi. "Hatujaenda popote," ikasema bei ya mkate. "Hakuna aliyekuja kututoa." Askari asiye na kazi alikuwa amepata koti jipya, la kiwandani, na kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Sasa, mtu mwingine angeangalia ile suti akaona suti. Lakini fundi hadanganywi na rangi. Fundi anageuza nguo ndani nje. Nikainuka, nikaushika Mzigo begani kama ninavyomshika mteja yeyote anayejaribu nguo, nikaingiza vidole kwapani.

Mshono ulikuwa uleule. Mkono wa suti umekatwa kuelekea juu, umekunjwa kwa ustadi, umebanwa na pini ili ukae chini kwa sasa.

"Nani kakukatia hii?"

"Karatasi ya zamani tu, fundi. Ilikuwepo kabatini."

"Basi utasubiri," nikasema. "Kaa kwenye foleni. Kuna mteja kabla yako."

"Nani?"

"Huyu." Nikarudi chini kwa Lusungu.

Mzigo haukusubiri. Ulikwenda mezani kwangu ukachukua lile shati la mwisho. Mashati ya fundi yana tabia: ukisema umebakiza vifungo kwa miaka mingi, mwishowe unakuta kweli vimebaki vifungo. Lilikuwa limejishona lenyewe, halina kasoro, lina vifungo vitano. Ukalitundika kwenye kiti. "Tutafunga wenyewe," ukasema.

"Nikae tayari?" ikauliza kamera.

"Kaa tayari."

Kikwapa kina pande nne. Shati lilikuwa na vifungo vitano. Nikaanza.

Upande wa kwanza niliushona kwa mishono midogo, uzi mmoja. Kitambaa cha Bi Regina kilikaa kijivu chake. Hakikugeuka. Nyuma yangu nilisikia kifungo cha kwanza kikiingia kwenye tundu, kisha cha pili. Mzigo hauna vidole, ulikuwa unatumia ncha za fimbo, na fimbo mbili zilikuwa zinagombana chini chini nani ashike na nani asukume.

"Unaniharibia sare," likasema shati la Lusungu.

"Ndiyo," nikasema.

"Nikiwa na kikwapa nitafanana na nguo."

"Wewe ni nguo. Tulia."

Upande wa pili. Kifungo cha tatu. Lusungu alikuwa anatazama sindano bila kupepesa, nami nikamwimbia ule wimbo wetu wa kuhesabu nguruwe, sauti ndogo, ya kwetu tu. Upande wa tatu. Pembeni nikarudia mara mbili. Kifungo cha nne, na hapo shoka likatoka kwenye mkobo kusaidia, likakata tundu badala ya kufunga, Mzigo ukalifokea, na ugomvi huo ulinipa mishono sita.

"Fundi," ukaniita Mzigo. "Sisi na wewe hatuna ugomvi. Wewe ni mtu wa kazi. Msichana wako angependeza mbele."

"Anapendeza popote."

Upande wa nne. Nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha bega likalegea, kisha kiwiko, na mkono wa mwanangu ukashuka polepole, ukapita usawa wa macho yangu, ukaja kutua shingoni mwangu. Ulikuwa na uzito wa mkono wa mtoto na jasho la mkono wa mtoto. Akajifuta kamasi kwenye bega langu. Nikamwinua nikamweka kiunoni, nikatoka naye kwenye safu.

"Kifungo cha tano," ukasema Mzigo.

Mwanga ukapiga, mweupe, uwanja wote ukawa karatasi. Nilikuwa nimekwisha kupita. Mahali pa tatu kutoka kushoto palibaki mawe matupu na kandambili moja.

Nilitembea. Sikukimbia. Mlango wangu ulikuwa mbele, taa ya chumba inawaka, cherehani inaniita. Nyuma yangu nilisikia mtoto wa pili kutoka kushoto akivuta kamasi, na wa nne akisema kitu kwa lugha nisiyoijua, maneno machache, kwa adabu. Sikugeuka. Nilikuwa na wangu. Nikaingia, nikafunga mlango kwa mgongo.

Nikaamka. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu wa Njombe umejaa dirishani, baridi ya kukunja vidole. Lusungu alikuwa amelala ubavuni kwangu, mdomo wazi. Daftari la Historia lilikuwa chini, lilipodondoka nilipopitiwa na usingizi. Nikacheka peke yangu. Nikasema moyoni nitamsimulia Mwalimu Mwalongo, atasema mtihani unakaribia.

Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikamwamsha nimwogeshe aende chekechea. Akakaa kitandani nusu amelala. Nikamwambia nyoosha mikono, nikaanza kumvua gauni la kulalia, na vidole vyangu vikapita chini ya kwapa la kulia vikagusa mshono.

Gauni lile nililishona mimi, la flaneli nyekundu, na kwapani sikutia kikwapa. Nikaligeuza ndani nje, nikalisogeza dirishani. Kulikuwa na kikwapa. Kipande cha bitana ya kijivu, laini, kimechakaa pindo moja kama mfuko uliotumika miaka, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo, na kila pembe imerudiwa mara mbili.

Mimi bitana ya kijivu sina. Nilipekua kikapu cha vipande mpaka chini, sina.

Lusungu alikuwa ananitazama. Aliinua mkono wake wa kulia hadi juu, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha, bila haraka. Kisha akatazama cherehani, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "na wale wengine uwashonee."